Walivyomwonyesha Mzee wa Mfereji

Trela ya hiyo filamu niliiona mara ya kwanza nikiwa mezani kwangu, soko la mitumba la Kiboriloni, nimeshika suruali ya mtoto mkononi, mteja amesimama mbele yangu anavutana nami bei. Binti yangu Happy ndiye aliyenitumia kwenye simu, na maneno matatu tu: "Mama, angalia hii." Nikaangalia. Ilipofika katikati nilimwambia yule mteja achukue suruali aende, tutaonana siku nyingine. Dakika mbili na sekunde kidogo. Ndani ya dakika mbili hizo walimchukua mtu ninayemfahamu tangu sina meno ya mbele, wakamvika ngozi ya chui, wakampa pembe la ng'ombe na kicheko cha mchawi, na wakamwita Mroho wa Maji.

Ngozi ya chui! Mzee wa Mfereji hajawahi kuvaa ngozi ya mnyama yeyote. Anavaa koti la kijivu ambalo nilimtolea mimi mwenyewe kwenye belo, kofia ya sufu inayomziba masikio, na gambuti. Kanisani anavaa gambuti. Kwenye harusi ya mwanawe alivaa gambuti, na mke wake alikataa kusimama karibu naye kwenye picha.

Na huyo stelingi wao sasa. Kijana mzuri, siwezi kusema uongo, meno yamepangika, mabega haya hapa. Lakini kifua wazi! Asubuhi na mapema, mwezi wa saba, huko kwetu Kilema, mlimani! Mtu wa huko juu mwezi wa saba anavaa masweta mawili na bado hatoki jikoni. Basi yeye anakuja anakimbia kifua wazi, ana panga, anaruka juu ya mfereji wetu, anakata sijui kamba sijui nini, na maji yanaruka juu utadhani bomba la mjini limepasuka. Wanawake wanapiga vigelegele. Yeye anageuka polepole, anatukazia macho, anasema, "Maji ni ya wote!" Halafu zinaingia ngoma, na ngoma zenyewe ni za Pwani. Nikasonya mpaka jirani yangu wa meza ya pili akaniuliza nimeibiwa nini.

Mfereji haufunguliwi kwa panga, jamani. Unafunguliwa kwa mikono. Unatoa kipande cha mgomba kilicholazwa mdomoni, unatoa majani, unatoa udongo ulioshindiliwa, maji yanaanza kupita taratibu, unangoja. Hakuna cha kukata hapo. Na huyo stelingi alilijua hilo vizuri sana, kwa sababu alifundishwa na Mzee wa Mfereji mwenyewe, siku nyingi, wamepiga magoti kwenye tope wote wawili.

Kwa asiyejua kwetu: mfereji wetu unatoka korongoni kule karibu na msitu, wameuchimba babu za babu zetu kwa majembe ya mti, unazunguka mlima na kuingia kila kihamba, yaani kila shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa. Maji ni kidogo, nyumba ni nyingi. Kwa hiyo kuna zamu. Leo nyumba hii, kesho ile, asubuhi huyu, mchana yule. Na anayeshika zamu zote hizo kichwani, bila daftari, bila mshahara, ni mtu mmoja. Yeye ndiye anayesema nani afungue na nani afunge, anayeita watu wakasafishe, anayetoza faini. Tangu nipate akili zangu mtu huyo ni yeye. Jina lake la ubatizo wengi hawalijui.

Maneno yake makubwa yalikuwa matatu tu: "Zamu ni zamu." Ukimwendea na machozi, zamu ni zamu. Ukimwendea na mkungu wa ndizi, anaupokea, anakushukuru, anakwambia zamu ni zamu. Padri mmoja alikuja na mafundi wake wanaojenga ukuta wa kanisa, akaomba maji siku hiyo hiyo kwa sababu saruji inaharibika. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi, kwa heshima zote. Kisha akamwambia, "Baba, zamu ya kanisa ni Alhamisi." Padri akakasirika, akamkumbusha kwamba hii ni kazi ya Mungu. "Ndiyo, Baba. Na Mungu anajua ni Alhamisi." Saruji ikangoja.

Watoto wake walimnunulia saa ya mkononi. Akaiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Alikuwa anapima zamu kwa kivuli cha fimbo yake, na siku ya mawingu alipima kwa tumbo. "Nikisikia njaa ya saa sita, nafunga." Na watu walikubali! Wanaume wazima wenye saa zao walikubali kufungiwa maji kwa njaa ya mtu mwingine, kwa sababu njaa ile ilikuwa haina upendeleo. Mke wake ndiye alikuwa wa mwisho kupata maji kijiji kizima. Nyumba yao iko hatua chache kutoka mferejini, na bado mama yule alikuwa anateka maji mtoni na kulalamika njia nzima. "Mimi sikuolewa na mwanamume," alikuwa anatuambia. "Nimeolewa na mtaro."

Halafu mtu huyo huyo wa maji hapendi kuoga. Hilo ni jambo linalojulikana. Mkewe alikuwa anampigia kelele Jumamosi jioni kama mtoto mdogo, na yeye anajibu kwamba siku nzima ameshinda ndani ya maji, aoge mara ngapi. Bomba la serikali lilipofika kijijini alilipinga kwenye mkutano kwa saa nzima, kwamba maji ya bomba yatatufanya tusahau kusafisha mfereji, kila mtu atajifungia kwake. Na lilipofunguliwa, wa kwanza kupanga ndoo pale alikuwa nani? Yeye. Nilimkuta. Akaniambia, "Usinitazame hivyo, nakagua."

Ukali wake ulikuwa wa kazini tu. Nyumbani kwake hutoki bila kula. Ana mkono mrefu wa kutoa, hasa chakula, na alikuwa anaona aibu kushukuriwa. Nyumba fulani ya jirani walifiwa wakati wa kiangazi, watu wamejaa, maji hakuna. Walipoamka walikuta maji yanapita kwao. Wakasema, ala, Mzee leo amevunja zamu! Hakuwa amevunja kitu. Aliwapa zamu ya kwake, na kahawa yake changa mwaka ule ikakauka mistari miwili. Hakumwambia mtu. Mkewe ndiye aliyesema, kwa hasira.

Kwangu mimi ni zaidi ya jirani. Ni baba yangu wa ubatizo, ndiye aliyenibeba kanisani mpaka kisimani, na namwita Baba. Baba yangu mzazi alikuwa anafanya kazi Tanga, tunamwona Krismasi, kwa hiyo aliyenitia fimbo nilipotoroka shule ni Mzee wa Mfereji, na aliyenitetea nilipotaka kwenda kuanza biashara mjini ni yeye. Ndiyo maana trela ile niliipokea kama tusi la mtu kunitukania mzazi sokoni.

Sasa hao watu wa filamu. Walikuja wakakaa kijijini wiki mbili, vijana saba na magari mawili. Nani aliwalisha? Nani aliwapa vyumba? Stelingi alilala nyumbani kwa Mzee, kwenye kitanda cha mwanawe. Na kijana alikuwa na adabu, ndiyo inayoniuma. Shikamoo asubuhi, shikamoo jioni. Anaosha vyombo. Anakula kiburu, ndizi na maharage vimepondwa pamoja, wenzake wanakunja uso, yeye anaongeza. Mzee akamfundisha kuziba maji kwa mgomba, akamfundisha kutembea ukingoni bila kuubomoa, akampa hata gambuti za akiba. Na mimi nilipopanda mwisho wa wiki kusalimia, nikawakuta wamekaa barazani na vinasa sauti vyao, wananiomba na mimi nisimulie lolote kuhusu Mzee. Nikasimulia. Mdomo wangu huu.

Niliwasimulia habari ya mama yangu.

Nilikuwa darasa la tatu. Kiangazi kikali. Asubuhi moja Mzee alipita akakuta mfereji umefunguliwa alfajiri, nje ya zamu, pale pale ulipopakana na kihamba chetu, na maji ya watu yamekwenda. Nyumba iliyo karibu ni yetu, na ndani hamna mwanamume. Enzi zile mwanamke haingii kikao cha mfereji, wala kule juu yanakoanzia maji hakanyagi. Akishtakiwa anasemewa na mwanamume wa ukoo. Basi baba mdogo akaenda kumsemea mama. Akarudi na hukumu: maji yamefungwa kwetu mpaka mbege ya faini iive na wazee wainywe. Mbege si chai, ni pombe ya ndizi, siku nyingi za kuzipika na kuzingoja. Siku zote hizo tuliteka maji mtoni, mama na ndoo kubwa na mdogo wangu mgongoni, mimi na kindoo changu nyuma yao, kwa ajili yetu na ng'ombe wawili. Mbege ikaiva, wazee wakanywa, maji yakafunguliwa. Mzee alikuwa baba yangu wa ubatizo, anakula kwetu, na bado hakutuonea haya. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wale vijana, huku nacheka, najisifu. "Mnaona? Hata sisi! Mtu huyu haangalii uso wa mtu!"

Nisieleweke vibaya. Utotoni sikucheka. Wanawake wakigombana na mama mtoni walimwita Mama Alfajiri, na jina likamganda. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimuuliza kama kweli alifungua maji. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso. "Nililipa, yakaisha," akasema. Nikachukua hilo kuwa amekiri. Nikaona afadhali basi niwe binti wa mtu aliyekosa akalipa, kuliko binti wa mtu anayelalamika, na kwa miaka nimeisimulia hivyo, kama sifa ya Mzee.

Sasa itazame trela. Mwanamke ana mtoto mgongoni, ana ndoo kichwani, anaanguka kwenye mawe, maji yanamwagika. Nyuma yake katoto ka kike kanalia. Yule mwenye ngozi ya chui yuko juu ya jabali anacheka. Sauti nzito inasema, "Alimfungia maji mwanamke asiye na kosa." Na stelingi anatokea anampokea ndoo. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya ile ndoo! Hakuna kijana yeyote mwenye kifua aliyetokea kutupokea! Na "asiye na kosa" wameitoa wapi? Mama alikosa, alihukumiwa, akalipa, mambo yakaisha. Wameondoa kosa la mwanamke ili mzee wa watu abaki mwonevu, kwa sababu filamu inataka mtu mbaya. Ndivyo nilivyofikiri. Nilifikiri hivyo kwa uhakika wote, na nilikuwa nawaka.

Nikampigia stelingi. Namba nilikuwa nayo.

"Shikamoo, mama mkubwa!" anaitikia kwa furaha, maskini. "Umeiona trela?"

"Nimeiona. Mmemfanya nini baba yangu?"

Kisha akaanza kujikanyaga, kwamba yeye haandiki, yeye anasema alichoandikiwa, kwamba mambo ya ngozi ya chui hata yeye aliyauliza akaambiwa watazamaji wa nje wanapenda. Nikamwambia alikula kiburu cha yule mzee siku kumi na nne na akavaa gambuti zake. "Mama, kweli, naona aibu," akasema. "Lakini ile habari ya kufungiwa maji si ulitusimulia mwenyewe? Mimi nilikuwepo. Nilipoisikia sikuona cha kuchekesha."

Nikamkatia simu. Nilimkasirikia kuliko nilivyokuwa kabla ya kupiga.

Kama ingekuwa ni hasira yangu tu, ingepoa. Lakini huko juu trela ilishaingia kwenye simu za vijana wote. Mzee akipita na fimbo yake, wanamwitia kutoka vichochoroni, "Maji ni ya wote!" Siku ya kusafisha mfereji, kazi inayoita kila nyumba mtu mmoja, walitokea watu sita. Kisha vijana fulani walikwenda na panga kweli, kama kwenye trela, wakabomoa mdomo wa mfereji, na maji yakamwagika bondeni siku nzima bila kumfaa mtu. Na badala ya kuwakamata hao, wakaitisha kikao cha kumwondoa Mzee. Wakasema amezeeka, amekuwa mkatili, dunia nzima imeona. Dunia nzima! Watu aliowagawia maji tangu wako tumboni.

Nikaona sitakaa mezani niuze suruali. Nilimwomba mpwa wangu aliyesoma aniandikie barua kwa hao wenye filamu, na nakala kwa mtendaji wa kata, kwamba Mzee anakana yaliyoonyeshwa, hakumwonea mwanamke yeyote, na kile kipande kiondolewe kabla filamu haijaanza kuonyeshwa. Iliandikwa vizuri, imepigwa chapa. Ilibaki saini yake. Nilitaka niisome mwenyewe kikaoni, mimi, binti wa yule mwanamke, ili wasijue pa kuficha nyuso. Jumamosi nikafunga biashara mapema, nikapanda Kilema.

Nilimkuta barazani anamenya ndizi. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, anajipikia mwenyewe, na anapika vibaya. Amepungua. Koti langu la kijivu limekuwa kubwa kwake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mjini hamna biashara leo?"

Nikamwambia kilichonileta. Akasema trela ameisikia tu, hajaiona, simu yake ni ya tochi. Nikamfungulia. Akaishika simu mbali na uso, mkono umenyooka. Alipomwona stelingi kifua wazi akacheka kwa kweli. "Huyu atapata kikohozi." Alipoona panga akatikisa kichwa. "Nilimfundisha, jamani." Alipoiona ngozi ya chui akauliza, "Huyu naye ni nani?"

"Ni wewe, Baba."

"Mimi?" Akajitazama koti lake. "Haya."

Kikafika kipande cha mama. Kisu kikasimama kwenye ndizi. Trela ikaisha, akasema, "Rudisha pale." Nikarudisha. Akasema nirudishe tena. Mara ya tatu hakuwa anatazama picha, alikuwa amefumba macho anasikiliza ile sauti nzito. Nikaona ameumia, na mimi nikazidi kupanda. Nikatoa barua, nikamsomea yote kwa sauti, nikampa kalamu.

"Weka saini hapa, Baba. Tuwanyamazishe."

"Siweki."

"Kwa nini? Unawaogopa?"

"Nitakuwa nimetia saini uongo." Akaniwekea kalamu pajani. "Ngozi ya chui ni uongo. Panga ni uongo. Hapo kwa mama yako hawakukosea. Sijui wamejuaje."

Nikamwambia hawakujua lolote, walibuni, mimi ndiye niliyewapa habari, na niliwapa kama ilivyokuwa.

"Hukuijua ilivyokuwa," akasema.

Na hapo, ndizi bado mkononi, akanieleza. Wazee waliinywa mbege ya mama asubuhi, wakamsifu kwa upishi wake. Jioni ya siku hiyo hiyo yeye Mzee alishuka kwenye bustani ya kijana wake mkubwa. Nyanya za wenzake zote zimekauka, za kijana wake zimesimama kijani. Akazunguka. Akakuta kijifereji kipya, kimefunikwa majani ya mgomba, akakifuata kwa miguu kikampandisha mpaka pale pale ubavuni mwa kihamba chetu. Akamuuliza mwanawe. Hakukataa.

"Ukafanya nini?" nikauliza.

"Nilimchapa. Nikakifukia kile kijifereji."

"Na mama yangu?"

"Mbege ilikuwa imeshanyweka, mwanangu. Ningewaambia nini wazee? Ningemwambia nini baba yako mdogo, aliyekubali kwa niaba yenu?"

"Mama aliitwa Mama Alfajiri mpaka anaingia kaburini. Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Unakuja kwetu, unakula chakula chake, na unasikia!"

"Yeye alijua kwamba najua," akasema polepole. "Alikuwa ananipakulia wa kwanza, kila mara. Sikuwahi kushiba kwenu."

Unataka kujua hasira ni nini? Mimi nilikuwa sijaijua. Hii ya trela ilikuwa ni makelele tu. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilimwita majina ambayo sikuyajua kuwa ninayo kinywani. Nilimwambia, "Nimesimama kwenye baraza hii, mbele ya watu wa Dar es Salaam na vinasa sauti vyao, nikawaambia mama yangu mzazi ni mwizi. Nikicheka! Kwa ajili ya sifa zako! Na kitoto cha watu, kilichofundishwa juzi tu kufungua maji, kikaona hapo hamna cha kuchekesha, na mimi niliyebeba ndoo sikuona!" Zamu yake ya kusema ilikuwa imepita na alilijua hilo. Nikaichana ile barua vipande.

Aliponiona nimebeba mkoba wangu niondoke, akainuka. Akashuka ngazi moja moja mpaka kwenye mpaka wa kihamba, kwenye ule ua wa masale, mimea yetu ya mipakani, akakata jani moja, akalifunga fundo, akarudi nalo, amelishika kwa mikono miwili. Akanipa.

Kwetu jani la isale ni la kuombea msamaha, na halikataliwi. Mtu aliyekukosea akikuletea isale umepokea, hata kama amekuulia ndugu. Hata aliye nusu kichaa analijua hilo. Sijawahi kuona mtu aliyelikataa, wala kusikia. Mzee mzima, baba yangu wa ubatizo, amesimama mbele yangu, kofia ameivua. Nami nikaweka mikono yangu nyuma.

"Hukunifungia mimi maji," nikamwambia. "Mpelekee uliyemfungia."

"Mama yako hayupo, mwanangu."

"Yupo. Yuko kwenye migomba yake, anaposhinda siku zote, ukipanda njia hii hii. Kaburi lake unalijua, ulirusha udongo."

Akatazama jua. "Nitakwenda jioni, pakipoa."

"Jioni hamna mtu njiani. Watu wanatoka sokoni sasa hivi. Twende sasa."

Alinielewa. Mtu akitembea na isale mkononi kila anayekutana naye lazima aulize linakwenda kwa nani, na mwenye isale lazima ajibu. Alivaa kofia yake, akachukua fimbo kwa mkono mmoja na jani kwa mkono mwingine, tukatoka. Sikumshika mkono penye mawe. Nilitangulia mbele, nikawa nasimama na kumngoja bila kugeuka, nasikia gambuti zake nyuma yangu.

Wa kwanza kukutana naye alikuwa mama mmoja wa nyumba ya chini, umri wangu, tuliyesoma naye, ana mkungu wa ndizi kichwani. Akamwamkia. Akaliona jani, uso ukabadilika.

"Mzee, isale hilo linakwenda kwa nani?"

Akajibu kitu ndani ya kola ya koti. Mimi mwenyewe sikukisikia.

"Sema kwa sauti," nikamwambia. "Ile ya kikaoni."

Akanyanyua kichwa. "Kwa mama yake huyu," akasema, na sauti ikatoka, ile ile iliyokuwa inatuita kutoka ng'ambo ya korongo. "Nilimfungia maji, na maji hakuiba. Aliiba mwanangu, na mimi nilijua."

Yule mama akautua mkungu wake chini, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akaziba mdomo kwa kanga. Kutoka pale mpaka kwetu ni kupanda tupu, na watu walikuwa wameshaanza kutoka milangoni.

"Twende," nikamwambia. "Bado nyumba kumi na moja."